Kibarazani kwa Bi Tatu: Nichore tatuu gani nikiwa na miaka 48?

SWALI

Bi Tatu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 48, mzaliwa wa Newala. Sasa naishi Mbagala, nina kibanda cha kuuza vitambaa, nina mume na watoto wawili. Nataka kuchora tatuu, na kila ninayemwambia anacheka.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Alitusomesha kwa kubangua korosho. Alikuwa anakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, rungu dogo mkononi, jiwe mbele yake, na bakuli la majivu pembeni la kujipaka viganjani, maana mafuta ya ganda yanaunguza. Majivu hayakutosha. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha, ngozi inabanduka, na hata akivaa vizuri siku ya Pasaka vidole vile vilimsema. Miaka yake ya mwisho hakubangua tena. Tulipomwosha nilimshika mkono, vidole vilikuwa laini na safi, nikalia kwa sababu weusi ule haukuwepo.

Nilikwenda na binti yangu kwa kijana mmoja anayechora, Kariakoo. Akafungua simu: kipepeo, waridi, moyo, maandishi ya Kichina. Binti akasema kipepeo ndiyo ya kina mama wa umri wangu. Nikatoka bila kuchorwa. Nimewaza pia jina la mama na tarehe zake, au nembo za Kimakonde alizokuwa nazo bibi yangu mashavuni, ingawa sijui zilimaanisha nini. Mume wangu anasema umri huu ni wa kushika rozari. Binti anataka tuchore mchoro mmoja, mimi na yeye; amemaliza kidato cha sita na anasubiri nafasi za Uhamiaji. Nichore nini, na wapi?

Mama Wawili, Mbagala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jina langu ni Tatu kwa kuwa nilizaliwa Jumatatu, na wajukuu wameshanitania vya kutosha kuhusu tatuu, kwa hiyo tusirudi huko.

Tuanze na binti, maana lake ni la haraka. Asichore chochote. Matangazo ya ajira za Uhamiaji, Polisi na majeshi mengine husema wazi kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na wanakagua. Wewe unauza vitambaa, hakuna atakayekufungua kanga akutafute alama. Yeye atafunguliwa. Mwambie asubiri, na kama mnataka kitu cha pamoja mnunue doti moja ya kanga mgawane.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili nikaihesabu mistari. Kipepeo umekipa neno moja, na si lako, ni la binti. Jina na tarehe, nusu mstari. Nembo za bibi, mstari. Lakini vidole vya mama yako umeviandikia nusu ukurasa, na bakuli la majivu limo. Umeuliza, na umeshajibu mwenyewe: chora korosho. Moja, ya ukubwa wa korosho yenyewe, iliyojipinda vile ilivyo, kwa wino mweusi mtupu.

Tena huna haja ya kumwachia kijana wa Kariakoo aibuni. Wewe ni mtu wa vitambaa, unajua ua la korosho kwenye pindo za kanga kuliko mimi. Fungua sanduku la mama yako. Sitashangaa ukikuta moja ya kanga zake ina korosho pindoni. Weka karatasi nyembamba juu yake, fuatisha kwa penseli, na hiyo karatasi ndiyo uende nayo kwa mchoraji. Akikuambia ana iliyo nzuri zaidi kwenye simu, chukua karatasi yako uondoke.

Najua utataka kuiweka kwenye kidole gumba, pale palipoungua mama. Mimi nilikuwa muuguzi miaka 34 kabla ya kukaa kibarazani, na nakushauri usiweke. Ngozi ya vidoleni inasuguliwa na kubanduka mno, wino haukai vizuri, utabaki na kidoa kisichoeleweka. Weka upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko. Ukiinama kukata kitambaa utaiona wewe. Ukinyoosha mkono kumpa mteja chenji hataiona. Kitu cha mama yako hakihitaji maelezo kwa kila anayekuja kununua mita mbili za satini.

Jina na tarehe siwezi kukuzuia, ila herufi ndogo hutanuka ndani ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, na ngozi yenyewe nayo inalegea. Ukifika umri wangu, 8 na 3 zitafanana. Rangi za njano na waridi kwenye ngozi yetu humezwa; nyeusi ndiyo inayobaki kuonekana.

Nembo za bibi ni jambo jingine, nalo nalisema kwa adabu kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, si Mmakonde. Mistari ile haikuwa pambo tu. Ilichanjwa kwa kisu, ikasuguliwa mkaa, na mara nyingi ikarudiwa ili ikolee. Mtu akiwa mbali na Newala, uso wake ulisema ametoka wapi. Hata kwenye vinyago vya mapiko vya zamani, vile vya kuvaliwa ngomani, wachongaji walibandika mistari hiyo usoni kwa nta. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hujui ilimaanisha nini. Basi usiichore kwanza. Nenda Mwenge kwa wachongaji, tafuta mzee mwenye ndevu nyeupe, mweleze mistari ya bibi yako ilivyokaa. Au mpigie shangazi yako Newala angali hai. Ukishajua, uamuzi utakuja wenyewe, na mkono una nafasi ya kutosha.

Nikuambie kwa nini nasisitiza kujua. Mimi nina chale mbili chini ya titi la kushoto. Nilichanjwa na mganga nikiwa na miaka sita hivi, kwa kifafa ambacho baadaye hakikuonekana kuwa kifafa. Nimeoga na chale hizo miaka zaidi ya hamsini na sijawahi kujua dawa gani ilipakwa humo. Sizichukii. Lakini si zangu, ni za siku ile.

Kabla ya sindano, jichore kwa hina. Hina ya majani, si piko, ile nyeusi. Piko nyingi zinazouzwa ni dawa ya nywele, na nimewahi kumfunga bandeji bibi harusi aliyevimba malengelenge kufuata maua yote, kidole hadi kiwiko. Hina itakaa wiki moja hadi mbili. Nenda nayo kanisani, nenda nayo kwa mawifi. Ikififia, angalia kama unapatafuta pale mahali kwa jicho. Irudie mara tatu. Kama mara ya tatu umesahau kuirudia, umeokoa pesa zako. Kufuta tatuu kwa leza ni ghali, na kwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha mabaka.

Ya uuguzi sasa, vumilia. Shika kovu lako la chanjo ya utotoni na ndewe za masikio. Kama yalinenepa yakawa kama uvimbe mgumu, usichore kabisa, kwa sababu korosho yako nayo itanenepa. Kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muone daktari kwanza. Uliza chanjo ya homa ya ini B. Ni sindano tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo anza nayo wakati hina inaendelea. Siku yenyewe sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, glovu mpya, na wino umiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutupwa, usichovywe kwenye chupa ya wote. Akinuna ukimwambia hivyo, ondoka. Kidonda cha juu hupona kwa wiki mbili hadi nne. Magamba usiyabandue, na bahari uikimbie. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: wino husafiri mpaka kwenye tezi za kwapani. Siku utakapopigwa picha ya matiti, na kwa umri wako upigwe, mwambie mpigaji kwamba una tatuu mkono huo, asije akaona vidoa akakutisha bure.

Rozari ya mumeo haina ugomvi na korosho. Kuna Wakristo watakaokunukulia Walawi 19:28, na mstari ule unataja chale kwa ajili ya wafu na pia alama za mwilini, kwa hiyo ni haki uusome mwenyewe na umuulize padre wako kabla, si baada. Mimi dini yangu imenikataza, nami nabaki na hina yangu. Siwezi kukuamulia yako. Mumeo nadhani anaogopa kitu kingine, na wanaume huogopa hivyo mke akianza kujipamba baada ya miaka ishirini. Msomee barua yako, ile sehemu ya vidole. Usimsomee ya kipepeo.

Ukishapona usinitumie picha. Nitumie nusu kilo ya korosho za Newala, zisizotiwa chumvi.

Bi Tatu