Mafuta ya manowari hujazwa baharini

Meli hizi za vita si lazima zirudi bandarini. Meli ya mafuta na manowari huenda sambamba, mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa, zimeachana mita 50 tu, na mpira wa mafuta unaning'inia kwenye waya katikati. Nahodha akikosea usukani kidogo ni balaa. Mwaka 1917 meli ya mafuta USS Maumee ilikuwa tayari ikizijazia hivyo manowari za Marekani zilizovuka Atlantiki, na mhandisi wake alikuwa Chester Nimitz, admirali wa baadaye. Chakula na risasi hupita vivyo hivyo, au kwa helikopta. Shida ni makombora ya kurushwa wima: kwa kawaida hayo hupakiwa bandarini, ingawa Oktoba 2024 manowari ya Marekani USS Chosin ilijaribu baharini, kwa kasha tupu la kombora.