Usikaze hiyo nati ya springi kabla hujapima

Weka spana chini, mkuu. Na huyo fundi usimrudie.

Umeandika kwamba enduro yako ya mtumba (pikipiki ya njia mbovu) ukiipakia mizigo inagonga nyuma kila ukiingia korongoni, fundi kakwambia "tukaze springi mpaka mwisho, itanyanyuka", na unauliza: akaze au asikaze ile nati inayobana springi ya shokapu? Nimefika kwenye hilo neno la fundi, mtulinga ukaniuma, na ulishaunga zamani.

Mimi nilikaziwa. Arusha, gereji moja ambayo bango lake ni kubwa kuliko gereji yenyewe. Nati ya kukazia springi ilikuwa imeshikana kwa vumbi na matope makavu. Spana ya ndoano hana, akachukua patasi na nyundo. Ikigoma, anapiga. Nati ni ya aluminiamu, bodi ya shokapu ni ya aluminiamu, thredi zake laini, katikati mchanga. Unadhani nini kilitokea? Zilisagika. Nati ikakwama ikiwa imekazwa kupita kiasi, hairudi wala haiendi. Mimi nikaangalia pikipiki imesimama juu kama mbuzi wa mnada, nikafurahi, nikampa na hela ya soda.

Nikaondoka nayo Mto wa Mbu kwenda Engare Sero kwa njia ya Engaruka. Anayeijua barabara ile anajua: rafu ya vimawimbi, halafu mchanga, halafu makorongo yaliyochimbwa na mvua ambayo huyaoni mpaka umefika. Kwenye mchanga usukani ukaanza kucheza. Kwenye korongo la kwanza la maana, nyuma ikanirusha, nikapita juu ya usukani. Mtulinga ukavunjika, radieta ikapasuka. Nilikuwa nimevaa kila kinga isipokuwa akili. Mshacheka? Tuendelee.

Kuikaza ile nati hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Ningeambiwa hivyo mapema, hela ya shokapu ingebaki mfukoni. Tuseme springi yako ni ya nyutoni 50 kwa milimita. Ukiikaza milimita 10, inaanza na nguvu ya nyutoni 500, lakini kila milimita inayofuata bado inadai nyutoni 50 zilezile. Umebadilisha mahali pikipiki inapokaa, basi. Kwenye enduro nyingi gurudumu hutembea juu na chini karibu mara tatu ya shokapu, kwa hiyo hizo milimita 10 za nati zinanyanyua nyuma kama milimita 30.

Na hapo ndipo balaa linapoanza. Pikipiki lazima izame kidogo kwa uzito wake yenyewe, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka linapokutana na shimo. Mimi nafasi hiyo nilikuwa nimeifunga. Tairi likifika kwenye shimo linaning'inia badala ya kufuata ardhi, halafu linakutana na ukingo wa pili kwa kishindo. Springi nayo, kwa kuwa imebanwa zaidi, inarudi kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo ribaundi (oili ya shokapu inayopunguza kasi ya springi kurudi) ilipangiwa kuizuia. Inakutema. Juu ya hayo, nyuma ikipanda mbele inainama, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi. Ndiyo maana ya ule mchezo wa mchangani.

Na kuna jamaa mmoja wa video za pikipiki, mwenye watazamaji kibao na kofia kageuza nyuma: "ukiona laini, kaza". Kaza nini? Hajauliza uzito wa mtu, hajashika hata futi kamba. Fundi angalau alikuwa na njaa. Huyu kilichomsukuma ni nini?

Kwa hiyo: pima kwanza. Dakika kumi, futi kamba na watu wawili. Nyanyua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli kwenda juu moja kwa moja hadi alama utakayoweka kwenye madigadi. Shusha chini, isimame yenyewe bila mtu, pima tena. Kisha ipande ukiwa na buti, helmeti na mizigo ileile unayosafiri nayo, mmoja akushikilie, mwingine apime. Kila mara ibonyeze-bonyeze kwanza ili itulie. Tofauti na kile kipimo cha kwanza ndiyo inavyozama.

Kama gurudumu lako linatembea milimita 300, ukiwa juu inatakiwa izame kama 100, yaani theluthi. Ikiwa peke yake, kama 30 hadi 40. Sasa soma hapa taratibu, maana ndipo mafundi wengi wanapopinduka: ukikaza mpaka ukapata zile 100 ukiwa juu, halafu pikipiki ikiwa peke yake karibu haizami kabisa, springi yako ni LAINI kwa uzito wako. Dawa ni springi ngumu zaidi, si nati. Na ikiwa peke yake inazama mno wakati wewe juu uko sawa, springi ni ngumu mno. Ndiyo, kinyume na unavyodhani. Mimi pia nilibisha.

Kabla hujaamini vipimo, angalia linki, yaani vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu la nyuma. Tangu Honda na Kawasaki walipoingiza mifumo ya linki mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yake ni kufanya nyuma ilainike mwanzoni na kukaza kuelekea mwisho wa safari yake. Beringi zake ziko chini kabisa, zinakula maji na matope, na kwenye pikipiki za mtumba mara nyingi hazijaonja grisi miaka. Zikikauka zinashika, na kipimo kinakudanganya. KTM yenye PDS (shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye mkono wa gurudumu) haina linki kabisa, huo mzigo huna.

Ukiamua kugusa nati baada ya kupima: osha thredi kwa brashi na maji, kausha, weka mafuta, tumia spana ya ndoano. Akitoa patasi, chukua pikipiki yako uondoke, hata kama tayari umelipa.

Weka hapa vile vipimo vitatu, na uzito wako na mizigo yote. Uzito wa kweli, mkuu, si ule uliojaza kwenye fomu ya bima.