Kabla hujauliza NGK au Denso

Kijana anayeanza gereji huja na swali lile lile: plagi ipi kali, ya NGK au ya Denso? Plagi ni kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, na hayo ni majina ya watengenezaji. Na mimi niliuliza. Fundi aliyenifundisha hakunijibu, alinipa plagi kuukuu akasema, "Soma." Nikasoma jina. Akasema, "Jina waachie wenye maduka. Soma namba."

Tuanze basi na namba. Chukua injini utakayokutana nayo mpaka uichoke, 1NZ-FE ya Toyota IST, Vitz na Probox. Plagi zake za kawaida kwa Denso ni K16R-U11, kwa NGK ni BKR5EYA-11. Hiyo 16 na hiyo 5 zinasema neno moja kwa lugha mbili: kiwango cha joto, yaani jinsi plagi inavyoondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini plagi inapofungwa. 20 ya Denso ni 6 ya NGK, 22 ni 7. Namba ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi, yaani inaondoa joto haraka. Sasa angalia mtego: watengenezaji wengine, Bosch na Champion, wanahesabu kinyume, kwao namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Ukihamisha hesabu ya Denso kwenda Bosch kwa kukisia, umeshaharibu kazi ya mtu.

Ile 11 ya mwisho ni uwazi wa milimita 1.1 kati ya ncha na mguu wa plagi, pale cheche inaporuka. R ni rezista, inayotuliza kelele za umeme zisisumbue redio na kompyuta ya gari. Urefu wa nyuzi za kufungia nao usiupuuze. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongana na pistoni, na fupi inaacha nyuzi za hedi wazi zijae masizi.

Turudi kwenye majina. Kampuni ya plagi za NGK ilianzishwa Japani mwaka 1936. Kampuni ilibadili jina kuwa Niterra mwaka 2023 lakini boksi bado linaandikwa NGK. Denso ilikuwa sehemu ya Toyota mpaka 1949. Ndiyo maana Toyota nyingi ukizifungua unakuta Denso. Watu wanadhani ni siri ya ubora, kumbe ni undugu tu. Kati ya hizo mbili mimi nachukua ile ninayoweza kuipata orijino siku hiyo. Sijawahi kuona gari likilalamika kwa sababu ya kubadilishiwa kutoka moja kwenda nyingine, ilimradi namba zinalingana.

Lililonitesa ni feki. Mwaka wangu wa pili nilimfungia dereva wa teksi plagi nne mpya, boksi linang'aa, bei nzuri. Siku ya nne akarudi, gari linamisi, yaani silinda inakosa kuchoma na injini inakatakata, akipanda kilima cha Kimara. Nilipozifungua, washa ya plagi moja, ile ringi ya chuma juu ya nyuzi, ilidondoka yenyewe mkononi. Nikafuta kauri kwa kitambaa chenye petroli, maandishi yakaondoka nacho. Mkubwa wangu akaleta maltimita, kile kipimo cha umeme, akagusa juu kwenye kichwa na chini kwenye ncha ya kati. Plagi yenye R huwa inasoma kama elfu tano za ohm hivi. Zile zilisoma sifuri, waya mtupu ndani. Nilinunua nyingine kwa hela yangu, na tangu hapo maltimita naenda nayo dukani. Muuzaji akinuna, naondoka.

Mteja atakuuliza plagi za iridiamu, zenye ncha ya madini hayo magumu. Mwambie ukweli: haimwongezei gari nguvu za ajabu. Ncha yake ni nyembamba, ya Denso Iridium Power ni milimita 0.4, cheche inaruka kirahisi na ncha haiishi haraka. Ya kawaida yenye ncha ya nikeli tunabadilisha kwenye kilomita elfu 20 hadi 30, iridiamu za kudumu zinafika kama laki moja. Kwenye gari ambalo kufikia plagi ni vita, kama Subaru, hapo iridiamu inalipa. Ila usiichokonoe ncha yake kwa brashi ya waya wala kuigonga ili kurekebisha uwazi. Na zile za miguu minne? Cheche inaruka kwenye mguu mmoja tu kwa wakati.

Halafu, si kila misi ni plagi. Kabla ya kumtuma mteja dukani, hamisha koili, ile inayoipa plagi umeme, ya silinda inayomisi uipeleke silinda nyingine. Misi ikihama nayo, plagi haina kosa. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, kagua gasketi za kava ya tapeti, mfuniko wa juu ya injini, kwanza. Panga plagi za zamani kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda, uangalie ncha: rangi ya biskuti ni nzima, masizi makavu meusi ni petroli nyingi, ulowevu wa oili ni oili inaingia ndani, nyeupe yenye vipele ni joto limezidi.

Kufunga, injini iwe imepoa. Zungusha kwa mkono mpaka washa iguse, ndipo uweke spana, nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya. Ukihisi ugumu mapema, rudisha nyuma uanze upya. Nyuzi za hedi ni aluminiamu, zinaharibika kirahisi.

Zile za zamani mpe mwenye gari. Mwambie moja aiweke kwenye dashibodi, ili siku akienda dukani bila wewe aonyeshe namba.