Jibu: kwa nini karafuu huchumwa haijachanua

Umeuliza, dada, kwa nini tunachuma karafuu ingali tumba, tusingoje ichanue. Sababu ni mafuta. Chukua karafuu moja mbichi, ibonyeze shina lake kwa ukucha: utaona unyevu unang'aa na harufu inakupanda puani papo hapo. Chini kidogo ya ngozi yake mna vifuko vidogo vidogo vya mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujeno (eugenol), kemikali inayoipa karafuu harufu yake, fomula yake C10H12O2. Ua likishachanua na kuzaa tunda, mafuta hupungua sana, bei nayo inaanguka. Ndiyo maana wazee wa Pemba hawachezi na wakati wa kuchuma.

Na makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, usiyatupe! Yana yujeno vilevile, ndiyo yanayopikwa kiwandani Chake Chake kutolewa mafuta. Yujeno peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi, lakini ikipitishiwa mvuke wa maji hutoka chini ya nyuzi 100, bila kuungua. Mvuke ukipoa ukawa maji, mafuta yanazama chini yake, si kama ya nazi yanayoelea. Mimi hilo hunifurahisha kila nikiliona.