Jibu: Mradi wa programu huria unahitaji kanuni za uongozi?

Ndugu, umeuliza kama msimbo mzuri wa programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuuboresha msimbo wake, hautoshi mpaka muandike kanuni za uongozi. Hautoshi. Tazama lugha ya programu ya Python: tangu mwanzo neno la mwisho lilikuwa la mwanzilishi wake, Guido van Rossum, hadi Julai 2018 alipong'atuka, akiwa amechoshwa na mabishano juu ya PEP 572, pendekezo la kuibadili lugha hiyo. Hakuteua mrithi. Wasanidi wakuu wakashindanisha mifumo kadhaa, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu 5. Kanuni ninayoipenda kuliko zote: wajumbe wa mwajiri mmoja wasizidi 2, kampuni yenye fedha isije ikauteka mradi. Nanyi amueni sasa, mkiwa bado mnaelewana, nani ana kauli ya mwisho na anaondolewaje.