Mnaoanza noir, acheni kwanza kumtafuta muuaji

Kila kundi jipya la watazamaji wa noir, zile filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, nyeusi na nyeupe na zenye vivuli vingi, linapoanza, swali la kwanza ninaloulizwa ni lilelile: "Nimemaliza The Big Sleep, sasa yule dereva aliuawa na nani?" Wapo wanaorudisha nyuma kila dakika tano. Wapo wanaochora majina na mishale daftarini mpaka karatasi inajaa, kisha wanaichukia filamu. Nawapenda kwa bidii hiyo, lakini ndiyo inayowapoteza. Basi naandika hapa mara moja, ili anayekuja kesho ayakute haya kabla hajashika rimoti.

1. Kuhusu dereva. Howard Hawks, mwongozaji wa The Big Sleep, na waandishi wake walikwama papo hapo mlipokwama ninyi. Wakamtumia telegramu Raymond Chandler, mwenye riwaya, naye akajibu kwamba hajui. Kisa hicho kinajulikana sana, na wengi huishia hapo. Mimi naona kilichofuata kina uzito zaidi. Mwaka 1945 toleo la kwanza la filamu lilionyeshwa kwa askari wa Marekani waliokuwa ng'ambo, na ndani yake mlikuwa na onyesho la ofisini ambapo mambo yanafafanuliwa kwa mpangilio. Kabla ya kuitoa kwa umma 1946, Warner Bros. walilikata onyesho lile, wakawarudisha Humphrey Bogart na Lauren Bacall mbele ya kamera wapige maonyesho mapya, wawili wanajibizana na kupimana. Studio ilikuwa na maelezo mkononi ikayatupa, ikachukua nyuso mbili zinazotazamana. Nanyi tazameni nyuso.

Na mkimtazama Bogart, achaneni na kofia na sigara. Kwenye The Maltese Falcon ya 1941 kuna pahala Sam Spade, mpelelezi anayechezwa na Bogart, anamfokea bwana mmoja mnene, anavunja glasi, anatoka kwa kishindo. Akifika koridoni anatabasamu, maana hasira ile ilikuwa ya kuigiza. Halafu anautazama mkono wake mwenyewe na kuona unatetemeka. Hapo unamwona mtu anayedanganya wenzake kwa ustadi, na mwili wake unakataa kudanganywa. Asiyeuona mkono ule ameona koti tu.

2. Sahau sheria ya stelingi. Sisi tuliokulia mabanda ya video tumelishwa kwamba stelingi hafi, kwa hiyo tunakaa tukisubiri atoke salama. Huku hakuna ahadi hiyo. Double Indemnity ya 1944 inaanza na Walter Neff akiingia ofisini usiku, risasi mwilini, anakiri yote mbele ya mashine ya kunasia sauti. Kanuni za maadili zilizotawala Hollywood enzi hizo zilidai mhalifu asiachwe akafaidi, basi mwongozaji Billy Wilder akaitanguliza adhabu mwanzoni na kutuachia tutazame jinsi mtu anavyoifuata kwa miguu yake. Fred MacMurray, anayemcheza Neff, kabla ya hapo alizoeleka kwenye vichekesho na mapenzi mepesi. Uso ule wa jirani mwema ndio uliohitajika, kwa sababu tunamwamini kabla hatujajua tunachokiamini.

Angalieni njiti za kiberiti. Filamu nzima Keyes, mwenzake Neff wa ofisini, yaani Edward G. Robinson, ana sigara lakini hana moto, na Neff anamwashia kwa kucha ya kidole gumba. Mwishoni zamu inageuka. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia hakuiona hata njiti moja, alikuwa anasoma mtandaoni muhtasari wa hadithi huku filamu inaendelea. Jamani! Simu iwekeni chumba kingine.

3. Kutulia si uvivu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililitenda kabla yenu na madhara yake nayaona hadi leo.

Nilipoanza, nilipima uigizaji kwa jasho. Aliyelia, aliyefoka, aliyekunja uso mpaka mishipa ikatoka, huyo kwangu ndiye aliyefanya kazi. Nikamwona Robert Mitchum, macho nusu yamefumba, mabega yamelegea, sauti haipandi wala haishuki, nikahukumu kwamba anasinzia. Laiti hukumu hiyo ingebaki kichwani mwangu. Niliifundisha. Nilitoa orodha za waigizaji wa noir ambamo yeye hakuwemo, nikawaambia waliokuja kujifunza kwangu waziruke filamu zake, nao wakaniamini kwa sababu nilisema kwa uhakika. Wakaenda kuwafundisha wengine. Juzijuzi kijana nisiyemfahamu akaandika kwamba Mitchum "anakuja kulala kwenye seti", maneno yangu yaleyale, bila kujua yalikotoka. Nilisikia uchungu, kwa sababu huyo kijana ameshafungiwa mlango na mimi ndiye niliyeufunga.

Out of the Past ya 1947 niliitazama kwa ajili ya Kirk Douglas, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anaingia Hollywood na tayari anawaka. Anacheza Whit, tajiri wa kamari aliyepigwa risasi na mwanamke wake, Kathie, akaibiwa pia dola 40,000. Mitchum ni Jeff, mpelelezi aliyetumwa kumrudisha Kathie, akampenda, akatoroka naye. Miaka imepita, Whit amempata Jeff na kumwita. Wanasimama ana kwa ana. Whit anatabasamu, anamnyooshea pakiti ya sigara. Jeff hasogei. Anainua tu mkono wake kidogo kuonyesha kwamba tayari ana sigara inayowaka, na kujibu kwa neno moja kwamba anavuta.

Nilirudisha nyuma. Nikamtazama Douglas: meno, nyusi, shingo, kila kitu kinafanya kazi. Nikamtazama Mitchum: mkono mmoja. Na aliyeshika chumba kizima ni Mitchum. Yule mwenye fedha na walinzi ndiye anayetoa, ndiye anayetaka kupokelewa, na huyu anayedaiwa uhai wake hakubali hata sigara. Kumbe macho yale mazito ni ya mtu aliyekwisha kujua hesabu imefungwa. Mtu kama huyo afoke kwa ajili ya nani?

Nikaendelea hadi kwenye kibanda cha msituni, Jeff anapigana na Fisher, mshirika wake wa zamani. Tumezoea kutazama ngumi. Tazameni Kathie, Jane Greer, aliyesimama pembeni, vivuli vya wanaopigana vikimpita usoni kwa namna mpiga picha Nicholas Musuraca alivyopanga taa. Uso wake unafurahia. Kisha anafyatua. Baada ya mlio, mtazameni Mitchum akimgeukia. Hapigi kelele wala hapepesuki, uso tu unapoa, na unaelewa kwamba mapenzi yake yameisha sekunde ile na kwamba hata hivyo hataachana na jambo hili akiwa hai. Nilikuwa nimeitazama sura ile nikaiita usingizi.

Mitchum aliteuliwa kuwania Oscar mara moja tu maishani, kwa filamu ya vita, Story of G.I. Joe ya 1945. Kwa noir, hata mara moja. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa na wenzake wakubwa, lakini hilo halinipunguzii deni kwa wale niliowapoteza. Kama uliwahi kusikia kutoka kwangu au kwa aliyesikia kwangu kwamba huyu bwana ni mvivu, futa. Kwa Mitchum, anza na Out of the Past, zima sauti dakika kumi, mtazame anavyosikiliza.

4. Wanawake wa noir hawakuja kupamba. Mgeni akifika husema "mwanamke hatari" na kudhani amemaliza. Barbara Stanwyck wa Double Indemnity, Jane Greer na Gloria Grahame hawafanani hata kidogo. Detour ya 1945 ilitengenezwa na studio ndogo isiyo na fedha, lakini humo Ann Savage anapanda gari kwa hisani, anajikunyata kiti cha mbele kama aliyelala, halafu ghafla anageuka na kumuuliza dereva aliiacha wapi maiti ya mwenye gari. Filamu nzima inabadilika kwa shingo moja iliyogeuka. Grahame ni kazi nyingine kabisa. Kwenye In a Lonely Place ya 1950 anaanza akimwamini Bogart, akamtetea mbele ya polisi, na hofu inamwingia polepole. Kila onyesho linaongeza kidogo, na hakuna hata pahala pamoja unapoweza kusema hapa ndipo ilipoanza. Miaka mitatu baadaye, kwenye The Big Heat, nusu ya uso wake iko chini ya bendeji na bado anawafunika wote.

5. Toleo lililotiwa rangi usiliguse. Zima pia kile kipengele cha televisheni kinacholainisha mwendo wa picha.

6. Msigombane kuhusu ipi ni noir na ipi siyo. Jina hilo lilitoka Ufaransa mwaka 1946, kwa mhakiki Nino Frank, baada ya filamu za Marekani zilizozuiliwa wakati wa vita kufika Paris kwa mkupuo. Wenyewe Hollywood waliziita melodrama, wakaendelea na kazi. Niliwahi kuona jioni nzima ikiteketea kwa ubishi huo na filamu haikuwashwa.

7. Mpangilio. Double Indemnity kwanza, kisha Out of the Past, Detour, In a Lonely Place. Halafu The Set-Up ya 1949, kwa ajili ya Robert Ryan, aliyekuwa bondia chuoni kabla ya kuigiza humo bondia mchovu. The Big Sleep iwe ya sita au ya saba, na siku hiyo daftari libaki nyumbani. Mkishaitazama, niandikieni Bacall alifanya nini na macho alipokuwa hasemi. Swali la dereva sitalijibu tena.