Kabla Hujasaini Karatasi ya Usiri: Kwa Wafanyakazi Wapya wa Chuo Kikuu

Mkataba wa usiri huletwa siku za mwanzo, umechanganywa na fomu za benki na za kitambulisho, na wengi husaini wakiwa wamesimama. Keti uusome. Hata ukiwa wa kurasa mbili tu, ndio utakaowekwa mezani siku jambo likiharibika.

Anza na sehemu inayotaja mifumo utakayoingia na kazi utakayoifanya humo. Ikiwa imeandikwa "taarifa zote za wanafunzi", mwombe mkuu wa kitengo aipunguze. Karani wa ada anahitaji namba ya usajili, malipo na salio. Faili la nidhamu na vyeti vya daktari havimhusu. Ruhusa pana si cheo. Taarifa zikivuja, kila aliyekuwa na ufunguo ataulizwa. Tazama pia muda: kwa kawaida ajira huisha, wajibu wa kutunza siri haufi nayo.

Wanaoharibikiwa kwa kuuza taarifa ni wachache. Udadisi ndio unaowaponza wengi. Mfumo kukubali kufungua faili la binamu yako, au la mwanafunzi anayezungumzwa na kila mtu, si ruhusa ya kulifungua. Mifumo mingi huandika akaunti iliyoingia, saa, na faili lililoguswa. Ndiyo maana nywila haiazimwi hata kwa dakika tano: atakachofungua mwenzako kitasomeka kwa jina lako. Msaidizi wa muda aombewe akaunti yake, hata kama itachukua siku mbili na kazi inasubiri.

Simu ni mtego mwingine. Mzazi anapiga, sauti ya upole, anataka matokeo ya mwanawe. Mwanafunzi aliye mtu mzima ndiye mwenye taarifa zake, hata ada ikilipwa na baba, na usitoe mpaka ujue chuo kina idhini yake ya maandishi. Kumbuka kwamba hata kusema "ndiyo, anasoma hapa" tayari ni kutoa taarifa. Pokea ujumbe, mwahidi kuufikisha kwa anayehusika kama yupo, basi. Anayejitambulisha kuwa polisi alete ombi kwa maandishi, nawe ulipeleke kwa afisa wa ulinzi wa taarifa, usilijibu mwenyewe. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtafute mkuu wako papo hapo.

Majedwali ya kompyuta, kama ya Excel, ndiyo yanayovujisha kimyakimya. Safu iliyofichwa haijafutwa. Anayepokea faili huifunua kwa mibofyo miwili. Nakili safu zinazohitajika tu kwenye faili jipya, ndipo utume. Na ukipanga safu moja bila kuchagua jedwali zima, alama za mmoja huhamia kwa mwingine, kila mtu akapokea barua ya jirani yake. Baada ya kupanga, linganisha mistari mitano na orodha ya asili. Kwenye barua pepe, anwani inayojijaza yenyewe huweza kuwa ya mtu mwingine mwenye jina kama hilo, na kundi la wapokeaji wasiopaswa kujuana liwekwe kwenye nakala fiche (Bcc).

Kuondoa majina peke yake hakutoshi. Matokeo yakibandikwa kwa namba za usajili lakini mpangilio ukabaki wa kialfabeti, darasa litajua nani ni nani. Vivyo hivyo kwa ripoti inayosema mwanafunzi mmoja kati ya 12 anatumia maandishi ya nukta nundu.

Ukikosea, toa taarifa saa hiyohiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huipa taasisi saa 72 tangu ijue uvujaji ili kuiarifu mamlaka, isipokuwa pale ambapo uvujaji hauelekei kuleta hatari kwa wahusika. Uzito wa hatari hiyo si wako kuupima. Usifute ushahidi. Andika kilichotumwa, kilikwenda kwa nani, saa ngapi, na kinahusu watu wangapi. Mpokeaji aombwe kukifuta na kuthibitisha kwa maandishi.

Ukihamishwa kitengo, andika barua kuomba ruhusa za zamani ziondolewe, kisha baada ya wiki jaribu kuingia tena kwenye mfumo ule. Ukifunguka, andika nyingine.